UZI: East African Airways na Embakasi ya zamani, ndege zetu hazikufa kwa uzee

Fundi_Junior (mwenye uzi)

Wadau habari zenu. Juzi nilikuwa kwa matatu ya 34 naenda eapoti kuchukua mgeni, nyuma yangu vijana wawili wanabishana, mmoja anasema JKIA, yaani uwanja wa Jomo Kenyatta, ilijengwa 1978, mwingine anasema hapana ilijengwa na wazungu kitambo, na makanga naye akaingilia akasema Kenya Airways ndio shirika la kwanza la ndege hapa kwetu. Nilitaka kuwaeleza lakini tukafika na kila mtu akachukua mzigo wake. Imenikaa kichwani tangu siku hiyo, sasa nimeamua niilete hapa polepole, mwenye haraka apite, hii ni ndefu.

Wale vijana wawili wote walikuwa na ukweli kidogo. Embakasi kuna viwanja viwili ukitaka kuhesabu hivyo, lakini njia ya kurukia ni moja. Ukikaa kwa ndege dirishani wakati inakimbia, angalia ng'ambo ya kaskazini, utaona majengo ya zamani na mnara. Ile ndio Embakasi yenyewe, iliyofunguliwa Machi 1958 na gavana Evelyn Baring, siku hizi iko chini ya jeshi la anga. Upande huu tunaoshukia sisi ulifunguliwa Machi 1978, na jina la Jomo Kenyatta likawekwa baada ya Mzee kufariki Agosti mwaka huo huo.

Shirika lililokuwa likitumia ile Embakasi ya zamani kama nyumbani ni East African Airways (EAA). Babangu alikuwa fundi wa injini pale tangu 1964. Mimi nimezaliwa 1966 na nimekulia kwa kota za wafanyakazi huko huko Embakasi, kwa hivyo nikisema "ndege zetu" mnivumilie, kwetu zilikuwa kama ng'ombe kwa wafugaji, tulizijua moja moja.

Fundi_Junior

Naendelea. Kabla ya EAA kulikuwa na Wilson Airways, iliyoanzishwa 1929 na mama mmoja anaitwa Florence Kerr Wilson, ndio Wilson Airport ikapata jina. Vita ilipokuja 1939 ndege zake zikachukuliwa na serikali na kampuni ikaisha. Vita ikaisha pia, wakoloni wakaona nchi hizi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, haziwezi kila moja kuwa na shirika lake, wakaunda moja la pamoja. EAA ikaanza kuruka Januari 1946 na vindege 6 vya de Havilland, vile vya mabawa mawili mawili, mbao na kitambaa. Mwanzoni Kenya peke yake ilikuwa na zaidi ya theluthi mbili ya hisa. Hiyo hesabu ya hisa iwekeni kando, tutairudia.

Wakati huo ndege kubwa zinashuka Eastleigh. Ndio, Eastleigh hii ya leo, ile kambi ya jeshi ya Moi Air Base, ndiko malkia Elizabeth alishukia Februari 1952 akiwa bado binti mfalme. Siku chache baadaye babake akafa, na aliyemtoa Nanyuki kumpeleka Entebbe apande ndege kubwa ya kurudi Uingereza ni ndege aina ya Dakota ya EAA. Mzee wangu alikuwa akiisimulia hii kila Krismasi na hata hakuwa ameajiriwa bado, aliipokea kwa waliomtangulia.

Lakini hizo Dakota zilikuwa na machungu pia. Mei 1955 moja ikitoka Dar kuja Nairobi iligonga mlima Kilimanjaro, watu 20, hakupona mtu.

kijana_wa_pipeline

Mzee shukrani kwa uzi, nimekaa Pipeline miaka 9 na sikujua hizi vitu. Swali, Eastleigh ilikuwa na shida gani mpaka wahamie Embakasi?

Fundi_Junior

Kijana asante kwa kusoma. Eastleigh ilikuwa ya jeshi la Uingereza na ilikuwa haitoshi ndege kubwa zilizokuwa zinakuja. Nairobi iko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Bawa linabebwa na hewa na injini inakula hewa, sasa ikiwa nyepesi vyote viwili vinapungukiwa, ndege inakimbia masafa marefu kabla ya kunyanyuka. Mombasa ndege hiyo hiyo na mzigo huo huo inaondoka mapema. Ndio sababu njia ya Embakasi ni ndefu hivyo, siku hizi ni zaidi ya kilomita 4.

Sasa nani aliijenga. Hapa naomba tusimame kidogo. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, watu wakakamatwa kwa maelfu, Wakikuyu, Waembu, Wameru, na serikali ya kikoloni ikaona ina mikono ya bure. Kiwanja cha Embakasi kilichimbwa na wafungwa wa Mau Mau. Waliletwa kambini pale pale Embakasi, wakabeba mawe, wakasawazisha ardhi ile nyeusi ambayo mvua ikinyesha inashika mguu kama gundi na jua likiwaka inapasuka. Wengine walifia hapo. Mzee mmoja jirani yetu kwa kota alikuwa mfagiaji wa jengo la abiria, na alikuwa amefanya kazi ya kifungo kwenye uwanja huo huo. Yaani alichimba kwa minyororo halafu akarudi kufagia kwa mshahara. Sisi watoto tulimuuliza siku moja kama ni kweli, akatuonyesha kiganja, akaendelea kufagia.

Nikisikia mtu anasema wazungu walijenga Embakasi huwa namkumbuka yule mzee. Wazungu walichora.

mkaa_southb

Shikamoo mkuu. Mimi ni Mtanzania, mwenyeji wa Moshi, niko Nairobi miaka 15 sasa. Endelea tu lakini ukifika 1977 tutaongea vizuri, maana kwetu hadithi tunaisikia tofauti.

Fundi_Junior

Marahaba ndugu yangu, na nakusubiri, hii hadithi ikisimuliwa na Mkenya peke yake inakuwa nusu.

Jeti ya kwanza ya EAA ni Comet 4, 1960. Lakini kwangu mimi hadithi inaanzia 1966 na VC10. Hii ndege ilitengenezwa na Waingereza kwa ajili ya viwanja kama Nairobi na Johannesburg, vya juu na vya joto. Injini 4 za Rolls-Royce Conway zote zimewekwa mkiani, mabawa yakabaki safi hayana kitu, ndio ikawa inaondoka haraka pale ambapo zingine zinahangaika. Na ule mlio, jameni. Ya usiku ya kwenda London ikiondoka, vikombe vya mamangu vinagongana kabatini na yeye anasema "haya, wameenda", halafu anazima taa.

EAA walinunua Super VC10 tano. Na hapa ndio nataka muelewe kitu ambacho mzee alinifundisha kabla sijajua kusoma kitabu. Kila ndege ina herufi zake ubavuni, kama namba ya gari. Za Kenya zinaanza na 5Y, za Tanzania 5H, za Uganda 5X. Shirika lilikuwa moja lakini ndege ziligawanywa kwa usajili, kwa hivyo VC10 zetu zilikuwa 5X-UVA na 5X-UVJ za Uganda, 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania, na 5Y-ADA ya Kenya. Hata DC-9 tatu walizoleta baadaye ilikuwa moja ya kila nchi. Tunasimama kwenye ua jioni mzee ananiuliza "hiyo inayoshuka ni ya nani?" na mimi nakaza macho, nikisema Uganda na ni Uganda napewa senti kumi. Nilijifunza alfabeti kwa mikia ya ndege.

5H-MOG, ile ya 1970, ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani. Zilitengenezwa 54 tu na ya mwisho ilikuja kwetu. Mzee aliipenda hiyo kuliko zote, mafundi hawasemi herufi hivi hivi, wao wanasema Mike Oscar Golf, na yeye alikuwa akiita Oscar Golf tu, kama jina la mtoto.

mama_kayole

Mimi nakumbuka dada zangu wakitaka sana kuwa mahostesi wa EAA, ilikuwa kazi ya heshima sana wakati huo. Endelea mwenye uzi.

Fundi_Junior

Karibu mama. Sasa nafika mahali pagumu.

Tarehe 18 Aprili 1972. 5X-UVA imetoka Nairobi kwenda London, ipitie Addis Ababa na Roma. Addis ikaanza kukimbia iondoke, gurudumu la mbele likapita juu ya kipande cha chuma, kile cha kuwekea jeki, kilichokuwa kimeanguka kutoka kwa ndege ndogo na hakuna aliyekiona. Tairi likapasuka. Rubani akaamua kusimamisha lakini ndege haikusimama vile ilipaswa, uchunguzi ukaja kusema sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imefungwa vibaya wakati wa matengenezo. Ikapita mwisho wa njia, ikaanguka kutoka kwenye mwinuko, ikawaka. Watu 107 walikuwa ndani, 43 wakafa.

Nilikuwa na miaka 6. Nakumbuka mzee alirudi mchana, kitu ambacho hakufanyaga, akakaa kwa kiti cha jikoni na ovaroli yake, na hakula. Sijui kama aliwahi kugusa ile breki, sikumuuliza mpaka anakufa, na sidhani angejibu. Ninachojua ni alichofanya baadaye. Alikuwa na sanduku la vifaa la chuma, na ndani amekata mbao nyembamba yenye mashimo, kila spana na shimo lake la umbo lake, ili shimo likibaki wazi ujue umesahau kitu mahali. Mafundi wote wa ndege wanahesabu vifaa kabla ya kufunga kazi, hiyo ni sheria. Lakini baada ya Addis alikuwa anahesabu kazini, akifika nyumbani anafungua sanduku mezani anahesabu tena, kwa sauti ya chini, mpaka kumi na nane. Kila siku, mpaka alipostaafu.

Miaka miwili baadaye Novemba 1974 tukawa na ajali kwetu wenyewe, Jumbo 747 ya Lufthansa ilianguka ikiondoka Embakasi, 59 wakafa kati ya 157. Vile vipande vya mbele ya bawa vinavyosaidia kunyanyua ndege havikuwa vimefunguka. Ilikuwa 747 ya kwanza duniani kuua watu. Kota nzima ilikimbia kwenda kusaidia, sisi watoto tukafungiwa ndani.

kijana_wa_pipeline

Pole sana mzee. Sasa shirika lilikufa vipi, ni hizo ajali?

Fundi_Junior

Hapana, na hiki ndicho kimefanya niandike uzi wote huu. Hazikuwa ajali, haikuwa kukosa abiria, na haikuwa ndege kuukuu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa 1967 na mali ikagawiwa makao, ndege na reli Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, ofisi kuu Arusha. Kwa karatasi ni nzuri. Januari 1971 Amin akapindua Obote, Nyerere akasema hawezi kukaa meza moja na Amin, na wakubwa watatu ndio waliokuwa na uamuzi wa mwisho kwa kila kitu. Tangu hapo hawakukaa tena pamoja. Fikirieni kampuni ambayo wenye hisa watatu hawasalimiani na kila karatasi kubwa inahitaji sahihi zao.

Halafu pesa. Tiketi zinauzwa Dar, zinauzwa Kampala, zinauzwa Nairobi, lakini madeni na mishahara mingi na mafuta vinalipwa Nairobi. Ikafika mahali pesa zinabaki kule zilikouzwa. Julai 1976 Waisraeli walipovamia Entebbe kuokoa mateka wao, ndege zao zilijaza mafuta hapa Embakasi wakirudi, na hapo Kenya na Amin ikawa ni uadui wa wazi. Shirika moja la ndege linaishi vipi katikati ya hayo?

Mwisho wa Januari 1977 ndege zikasimama. Mzee alienda kazini akarudi. Akaenda kesho yake akarudi. Tarehe 22 Januari Kenya Airways ilikuwa tayari imeundwa, na Februari 4 ikaanza kuruka na Boeing 707 mbili za kukodi. Za kukodi jameni, na VC10 nne nzima zimesimama uwanjani.

mkaa_southb

Mkuu hapo ndipo nilikuwa nangoja. Umesema pesa zilibaki Dar na Kampala, ni kweli, lakini sema pia kwa nini. Kwetu wazee walilalamika kwamba makao yako Nairobi, hanga ziko Nairobi, ajira za ufundi ziko Nairobi, mtalii anashuka Nairobi, anapanda gari la Nairobi anaenda kuona Serengeti na Ngorongoro, analala siku mbili na pesa imeshalipwa Nairobi. Tukajenga uwanja wa Kilimanjaro, ukafunguliwa mwishoni mwa 1971, ili mgeni ashukie kwetu moja kwa moja, na bado wengi wakaendelea kupitia kwenu. Na hiyo Kenya Airways kuanza ndani ya wiki mbili, hiyo haiwezi kuwa ya ghafla, mlikuwa mmejipanga. Ndio Februari hiyo hiyo Mwalimu akafunga mpaka hadi mwisho wa 1983, na sisi tukaanzisha Air Tanzania Machi 1977.

Fundi_Junior

Ndugu yangu sina la kupinga hapo, na mzee wangu hakupinga pia. Yeye alikuwa na marafiki wawili kazini, Mhaya mmoja na Mganda mmoja, walikuwa wanakula chakula cha mchana sanduku moja, na walipoitwa kwao kila mmoja alikabidhi spana za stoo, akaondoka. Mzee alikuwa akisema "tulikaa na sufuria kwetu tukasema ni ya wote". Ile theluthi mbili niliyowaambia muiweke kando ndio hiyo. Hisa zilibadilika baadaye lakini mazoea ya kuona ni mali ya Nairobi hayakubadilika.

Kugawana mabaki kulichukua miaka mingi, waliletewa msuluhishi Mswisi, Victor Umbricht, na mkataba ukasainiwa 1984. Miaka 7 ya kugawana mali na madeni. Wafanyakazi wakaanza kufuatilia mafao yao, Watanzania walihangaika mahakamani miongo. Mzee alipata kazi kwingine lakini haki yake ya miaka 13 alizungushwa ofisi hii na ile, faili linapotea, linapatikana, sahihi haipo, na mfuko ule wa kitambaa wa EAA wa begani ndio alikuwa akibebea barua. Mama bado anao, unahifadhi vyeti vyetu vya kuzaliwa.

mama_kayole

Na zile VC10 nne zilienda wapi?

Fundi_Junior

Mama ndio nilikuwa nafika hapo. Zilikuwa na deni kwa watengenezaji, kwa hivyo 1977 zilirudishwa Uingereza. Zikakaa, halafu jeshi la anga la Uingereza likazinunua, zikageuzwa kuwa ndege za kujazia ndege nyingine mafuta zikiwa angani. 5H-MMT ikawa ZA147, 5Y-ADA ikawa ZA148, 5X-UVJ ikawa ZA149, na 5H-MOG ikawa ZA150. Zikapakwa kijivu.

Na mjue ziliruka mpaka lini. ZA147 na ZA150 ndizo zilikuwa kati ya VC10 za mwisho kabisa kazini, zilipumzishwa Septemba 2013. Miaka 36 baada ya sisi kusema shirika limeisha. 1977 hazikuwa na shida yoyote, zilikuwa na nusu ya maisha yao na zaidi mbele. Oscar Golf yenyewe ilikuwa na miaka 7 tu.

2011 nilipata picha kwa intaneti, nikamfungulia mzee kwa simu, nikamwambia angalia hii ndege ya jeshi la Waingereza, ZA150. Alikuwa na miaka karibu 70, macho yameshachoka. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaomba miwani. Akaangalia mkia muda mrefu. Akasema, "Hiyo si ZA. Hiyo ni Oscar Golf." Sikuwa nimemwambia. Nilipomuuliza amejuaje hakunijibu hilo, aliuliza tu kama injini ni zile zile nne. Nikamwambia ni zile zile, Conway. Akauliza, "Inaruka leo?" Nikasema inaruka. Akanirudishia simu akaomba chai.

Alitutoka 2012, mwaka mmoja kabla ya Oscar Golf kusimama.

kijana_wa_pipeline

Mzee nimeshindwa na la kusema. Lile sanduku la spana bado mnalo?

mkaa_southb

Mungu amrehemu mzee. Na mimi nataka kuliona, kama hutajali weka picha.

Fundi_Junior

Liko hapa chini ya kitanda changu. Nitapiga picha kesho kukiwa na mwanga. Ziko zote kumi na nane, nimehesabu saa hii.